Tusajili Biashara Kaunti au Nairobi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeieleza mara nyingi darasani, tukaitungia na insha. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza: daftari lenyewe ni lipi, liko wapi, na analishika nani? Katika makala haya nakusudia kulijibu swali hilo kwa upande wa biashara ndogo ndogo, hasa zile za visiwa vyetu vya Lamu, yaani Lamu yenyewe, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Nimelichagua somo hili kwa sababu moja tu. Wengi wetu tukishaweka kalamu chini baada ya mtihani wa mwisho, hatutaitwa kazini kwa barua. Tutashika patasi, nyavu, sindano au usukani wa mashua. Basi ni vyema tujue mapema jinsi ya kuifanya kazi hiyo iwe na jina mbele ya sheria.

Ndugu msomaji, usiogope. Somo hili si gumu kama linavyosemwa. Lina maneno mazito machache tu, na nitayafafanua moja baada ya jingine.

SWALI LILIVYOZUKA

Binamu yangu na wenzake wawili ni mafundi wa mbao. Wanachonga masanduku, fremu za vioo na viti vya enzi. Kazi yao inasifiwa, na kwa miaka kadhaa waliuza kwa watalii wanaopita njiani. Likizo ya Desemba iliyopita walipata mteja wa aina nyingine: nyumba moja ya wageni iliyotaka viti kumi na viwili kwa pamoja. Mteja aliwaambia atalipa vizuri, ila anataka ankara yenye jina la biashara na namba ya kodi. Wenyewe hawakuwa na jina wala ankara. Walikuwa na tezo na randa.

Jioni ile barazani palizuka mjadala. Wa kwanza akasema, "Mimi naona tuandikishe hapa hapa muini. Kaunti ni yetu, na maafisa twawajua. Nairobi ni mbali." Wa pili akasema, "La, tufungue kampuni Nairobi, tuwe na jina Kenya nzima. Ya kaunti yataishia jetini." Wa tatu, ambaye ndiye mkubwa wao, akasema, "Kampuni ni ya matajiri, vijana. Kwanza tutengeze viti." Kisha wote watatu wakanigeukia mimi. "Wewe ndiwe msomi," binamu akasema. "Hebu tutafutie, tushike ndia gani?"

Sikuwa na jibu siku ile, lakini nilipata kazi ya likizo. Nikasoma Katiba, nikasoma sheria zinazohusika, nikamuuliza mwalimu wetu wa somo la biashara, nikaenda na kwa karani anayeshughulika na vibali. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyavuna.

DAFTARI MBILI, WALA SI MOJA

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba mafundi wetu walikuwa wakibishana juu ya uchaguzi ambao kwa Kenya haupo. Walidhani mtu anaweza kuchagua: ama asajili biashara kaunti, ama aisajili serikali ya kitaifa. Ukweli ni kwamba kila mlango una kazi yake, na mlango mmoja haushiki nafasi ya mwingine.

Tuanze na Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo ilileta kaunti 47, na serikali za kaunti zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Lamu ni kaunti namba 5. Mwishoni mwa Katiba pana Jedwali la Nne linalogawa kazi baina ya serikali mbili. Upande wa kaunti limetaja biashara: masoko, leseni za biashara, utalii wa mahali na vyama vya ushirika. Halikutaja kuunda kampuni. Kifungu cha 186 nacho kinasema kazi ambayo haikupewa kaunti ni ya serikali ya kitaifa. Kwa hiyo daftari la makampuni na daftari la majina ya biashara yako upande wa taifa. Yanashikwa na Huduma ya Usajili wa Biashara, maarufu kama BRS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015.

Upande wa kaunti kuna kibali cha biashara. Hiki ni cha mwaka, na ada yake hupangwa na sheria ya fedha ya kaunti kufuatana na aina na ukubwa wa biashara. Kibanda cha mahamri hakilipi sawa na hoteli. Kabla ya mwaka 2013 kazi hii ilikuwa ya Baraza la Kaunti ya Lamu. Jina limebadilika, lakini maana yake ni ile ile: ni ruhusa ya kufanya kazi fulani mahali fulani.

Hebu nitoe mfano wa mashua. Mashua ikishatolewa pwani na fundi, hupewa jina na kuandikishwa. Hapo inajulikana ni chombo gani na mwenyewe ni nani. Hiyo ni kama cheti cha taifa. Lakini chombo hicho kikitaka kufunga gatini kushusha mizigo, lazima kifuate kanuni za gati na kulipa ushuru wake. Hiyo ni kama kibali cha kaunti. Nahodha hawezi kumwambia mwenye gati, "Mimi sikulipi, chombo changu kimeandikishwa." Wala hawezi kumwambia mwandikishaji, "Mimi siandikishi, gati nimelilipia."

Kwa hiyo cheti cha taifa kinafaa katika kaunti zote 47, ila kibali ni cha kaunti uliyomo. Fundi wa Lamu akifungua duka la pili Malindi, hahitaji kuanzisha kampuni mpya. Anahitaji kibali cha Kaunti ya Kilifi kwa lile duka. Na akisafirisha viti vyake tu kwenda kwa mnunuzi Mombasa, Kifungu cha 209 cha Katiba kinamlinda, kwani kinazikataza kaunti kutoza kwa namna itakayozuia bidhaa, huduma, mitaji na kazi kuvuka mipaka ya kaunti.

WENZETU WALIO NA HIARI

Huenda msomaji akauliza, kama ni hivyo, wazo la kuchagua baina ya taifa na jimbo limetoka wapi? Limetoka nchi nyingine, ambako hiari hiyo ipo kweli.

Kanada ni nchi ya shirikisho yenye majimbo 10. Huko mfanyabiashara anaweza kuunda kampuni chini ya sheria ya taifa au chini ya sheria ya jimbo lake. Akichagua taifa, jina la kampuni yake hulindwa nchi nzima. Akichagua jimbo, jina hulindwa katika jimbo lile. Lakini hata yule wa taifa anatakiwa ajiandikishe katika majimbo anamofanyia kazi. Kwa hiyo mwenye duka moja katika mji mmoja mara nyingi huona jimbo linamtosha.

Marekani mambo ni kinyume. Makampuni ya kawaida huundwa chini ya sheria za majimbo. Jimbo dogo la Delaware limejipatia sifa kwa sheria zake na mahakama yake ya mambo ya makampuni, hata zaidi ya nusu ya makampuni 500 makubwa ya nchi ile yamezaliwa huko kwenye makaratasi, ingawa viwanda vyao viko kwingine.

Hata hapa jirani, Tanzania ina madaftari mawili. Bara kuna BRELA. Zanzibar kuna wakala wake, BPRA, na sheria yake ya makampuni, kwa kuwa usajili wa makampuni si jambo la Muungano. Jambo hili latuhusu sisi, maana majahazi ya Lamu na Unguja yamejuana tangu zama za mababu. Mtu wa Lamu akitaka kufungua ofisi Unguja, aulize taratibu za Unguja. Asidhani cheti cha Dar es Salaam au cha Nairobi kitamaliza kila kitu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza soko la pamoja tarehe 1 Julai 2010, lakini soko la pamoja si daftari la pamoja. Kila nchi ingali inasajili makampuni yake.

Kuna na funzo la historia hapa. Pwani yetu ilipata kutawaliwa na kampuni. Imperial British East Africa Company ilipewa hati ya kifalme Uingereza mwaka 1888, ikashika mamlaka huku kwetu mpaka serikali ya Uingereza ilipotangaza himaya yake mwaka 1895. Kampuni ile ilizaliwa London na kazi yake ikawa Mombasa, Lamu na bara. Mahali inapozaliwa kampuni na mahali inapofanyia kazi ni mambo mawili mbalimbali. Ndiyo maana ya daftari mbili.

UCHAGUZI WA KWELI NI WA UMBO

Sasa tumefika kwenye kiini. Ikiwa hatuchagui baina ya kaunti na taifa, tunachagua nini? Tunachagua umbo la biashara. Maumbo yanayotufaa sisi wa mtaji mdogo ni manne.

Kwanza, jina la biashara. Mtu mmoja, au watu kadhaa kwa shirika, wanasajili jina wanalofanyia kazi, mfano jina la duka. Sheria yake ni ya zamani, Sura ya 499. Gharama yake ni ndogo na taratibu zake ni fupi. Lakini elewa vyema: jina si mtu. Kisheria wewe na duka lako ni kitu kimoja. Duka likidaiwa, unadaiwa wewe, na mali yako yote inaweza kufuatwa.

Pili, kampuni ya binafsi yenye dhima yenye mpaka, ile ambayo jina lake huishia na neno Limited. Hii kisheria ni mtu kamili. Inamiliki mali, inadai, inadaiwa, inashtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Mwenye hisa hupoteza kiasi alichoweka katika hisa zake, basi. Hapo ndipo lilipo lile neno dhima yenye mpaka: jukumu la deni lina mwisho.

Wazo hili liliimarishwa na kesi ya fundi, tena fundi wa mikono kama binamu yangu. Aron Salomon alikuwa mtengeneza viatu na mabuti London. Aliigeuza biashara yake kuwa kampuni, wenye hisa wakiwa yeye, mkewe na watoto wao watano, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilitaka watu saba. Biashara ikaanguka, wadai wakataka alipe mwenyewe. Katika hukumu inayojulikana kama Salomon na Salomon ya mwaka 1897, majaji wa juu kabisa wa Uingereza waliamua kwamba kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali. Mahakama za Kenya zimeifuata kanuni hiyo hadi leo.

Yule aliyesema kampuni ni ya matajiri alikuwa akikumbuka sheria ya zamani, Sura ya 486, iliyotaka angalau watu wawili kuunda kampuni ya binafsi. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inaruhusu mtu mmoja kuwa na kampuni peke yake. Wenye hisa wasizidi 50. Aidha, kampuni ya binafsi yenye mtaji uliolipwa usiofika shilingi milioni 5 hailazimiki kuwa na katibu. Mkurugenzi awe ametimiza miaka 18.

Tatu, chama cha ushirika. Hiki chahitaji watu wasiopungua kumi, na kinafaa pale ambapo kila mtu ana kazi yake lakini wote wana shida moja: wavuvi wanaotaka barafu na soko, au akina mama wasukaji mikeka wanaotaka kuuza kwa bei moja. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Maendeleo ya ushirika yametajwa katika kazi za kaunti, kwa hiyo ofisi ya ushirika ya kaunti ndipo pa kuanzia kuuliza.

Nne, kikundi cha jamii, kama vile vikundi vya akina mama na vya vijana. Hivi huandikishwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya mwaka 2022. Ni vyema kwa kuweka akiba na kuomba misaada, lakini kikundi hakina ngao kama ile ya kampuni. Wavuvi wasichanganye kikundi na BMU. BMU ni jumuiya ya kusimamia uvuvi na bandari ya samaki. Si duka la mtu.

MASHUA YA AMI YANGU

Pengine utasema, haya yote ni maneno ya vitabuni. Sisi tunaaminiana, makaratasi ya nini? Naomba nisimulie lililotokea katika ukoo wetu, kwa sababu hili ndilo lililonifanya niandike.

Ami yangu na rafikiye walinunua mashua kwa shirika. Kila mmoja alitoa nusu. Walibeba abiria na mizigo baina ya Mtangawanda na Lamu, faida wakigawana kila Alhamisi jioni. Hawakuwa na jina lililosajiliwa, hawakuwa na mkataba, walikuwa na uaminifu, na uaminifu wao haukuwa na doa. Kisha rafiki wa ami akafariki. Mungu amrehemu. Aliacha mjane, watoto na wazee, na kila mmoja ana fungu lake katika mirathi. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Warithi walitaka haki yao, na haki yao ilikuwa ndani ya mbao za mashua. Mashua haikatiki vipande. Ami hakuwa na fedha za kuwalipa nusu yao, na hakukuwa na karatasi iliyosema walipwe kwa awamu. Mashua ikauzwa kwa bei ya haraka. Warithi wakapata kidogo, ami akapata kidogo, na abiria wakapoteza chombo. Mabaharia wawili wakakosa kazi.

Sasa tuichukue mashua ile ile, tuitie katika kampuni yenye hisa 100, kila mmoja ana 50. Mashua ni ya kampuni. Mmoja akifariki, zinazorithiwa ni zile hisa 50. Hisa zinagawika. Kadhi anaweza kuzigawa kwa mafungu ya sheria, kila mrithi akapata zake, na mashua ikaendelea kwenda Mtangawanda asubuhi ile ile. Mjane atapokea faida kila inapogawiwa, badala ya fedha za mara moja zinazokwisha. Kampuni haifi kwa kufa mwenyewe. Naam, hata shirika la kawaida lingeweza kuokolewa kwa mkataba ulioandikwa ukieleza nini kifanyike mmoja akiondoka. Lakini mkataba nao ni karatasi, na karatasi ndiyo tunayoikimbia.

Tangu siku hiyo siyaoni makaratasi kuwa ni mambo ya kutoaminiana. Wanaoaminiana ndio wanaopaswa kuandika, ili mapenzi yao yasije yakavunjwa na watu waliobaki nyuma yao.

MZIGO WA KAMPUNI

Ingekuwa si haki kuisifu kampuni bila kutaja uzito wake. Kampuni ikishazaliwa inataka kulishwa. Kila mwaka hupeleka taarifa kwa Msajili wa Makampuni. Wakibadilika wakurugenzi, au ikihama anwani, lazima Msajili aarifiwe. Inatakiwa pia kutaja wazi ni nani hasa wanaoimiliki. Ina namba yake ya kodi, na hata ikiwa imelala haina mauzo, bado inatakiwa ipeleke ripoti ya kodi. Mwenye kampuni asiyepeleka ripoti atajikuta anadaiwa faini na kampuni ambayo haijawahi kuuza hata kiti kimoja.

Fedha nazo lazima zitengwe. Fedha za kampuni si za mkurugenzi. Huwezi kuchukua fedha za dawati ukanunulia kitoweo, kisha kesho ukamwambia hakimu kwamba wewe na kampuni ni watu mbali.

Tena ile ngao ina tundu. Benki inapoikopesha kampuni changa, mara nyingi humtaka mwenye kampuni aweke sahihi ya dhamana yake mwenyewe, au hati ya nyumba. Ukishatia sahihi hiyo, mpaka wa dhima umeuvuka kwa miguu yako. Soma kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu kodi, umbo la biashara halikuondolei wajibu. Kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka hutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3. Tupige hesabu: mauzo ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka ni kodi ya shilingi 36,000, yaani kiasi cha shilingi 3,000 kwa mwezi. Kodi hii ni juu ya mauzo, si faida, kwa hiyo anayeuza sana kwa faida nyembamba apange bei kwa hadhari.

Nasi hapo tunaelewa kwa nini yule mteja wa viti alitaka ankara. Tangu Januari 2024, kwa kawaida mnunuzi mwenye biashara haruhusiwi kuhesabu gharama katika kodi yake bila ankara ya elektroniki. Hakuwa akiwasumbua mafundi. Alikuwa akijikinga.

VIBALI VYA KAZI MAALUMU

Mbali na daftari zile mbili, ziko kazi zenye vibali vyake. Mwenye chombo cha abiria ana shughuli na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini. Mwenye nyumba ya wageni ana shughuli na wasimamizi wa utalii. Mwenye kuuza chakula apimwe afya. Na anayetaka kufungua duka kwa kubomoa ukuta au kubadili mlango katika Mji wa Kale wa Lamu akumbuke kwamba mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Awaone kwanza watu wa Makavazi ya Taifa kabla hajashika nyundo.

Jambo jingine linalosahauliwa ni nembo. Kusajili jina la biashara hakukupi umiliki wa nembo yako nchi nzima. Nembo husajiliwa na taasisi iitwayo KIPI, hulindwa kwa miaka 10, na yaweza kufanywa upya. Kwa mafundi ambao michoro na majina yao huigwa, hilo ni jambo la kuwaza.

HATUA ZA KUFUATA

Nikifupisha, mtu wa biashara ndogo Lamu afuate mpango huu:

1. Ajiulize maswali matatu. Biashara ikidaiwa, ni mali gani yangu itakayofuatwa? Nikifa au mwenzangu akifa, biashara itakuwaje? Nataka kumuuzia nani, mpita njia au ofisi?

2. Ikiwa yuko peke yake, mtaji ni mdogo, hakopi na wanunuzi ni wa mkononi, jina la biashara linamtosha kwa kuanzia.

3. Ikiwa ana washirika, ana chombo au mashine ya thamani, anakopa, au anataka zabuni, afikirie kampuni. Serikali hutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini zabuni haipewi mtu asiye na biashara iliyosajiliwa.

4. Wakiwa kumi au zaidi wenye shida moja, wafikirie ushirika.

5. Asajili kupitia mtandao wa eCitizen. Zamani ilibidi mtu apande basi hadi Sheria House, Nairobi. Siku hizi anaweza kufanya hivyo kwa simu, au akasaidiwa katika kituo cha Huduma. Achukue majina kadhaa, kwani la kwanza huenda limeshachukuliwa.

6. Akishapata cheti na namba ya kodi, ndipo aende kaunti kuchukua kibali, na akihuishe kila mwaka.

Mafundi wetu watatu walikaa tena barazani, safari hii wakiwa na karatasi mbele yao. Waliamua kusajili jina la biashara kwa shirika na kuandika mkataba wa kurasa mbili unaosema nani ameleta chombo gani, faida igawanywe vipi, na warithi walipwe kwa muda gani. Walikubaliana siku watakapotaka kukopa fedha za mashine, hapo watageuza kuwa kampuni. Kibali cha kaunti wakakilipia wiki ile ile. Sisemi kila mtu afanye kama wao. Mwenye mashua huenda akaanza na kampuni moja kwa moja, na baada ya yaliyompata ami yangu, mimi ningemshauri hivyo.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hatujatimiza miaka 18, kwa hiyo cheti chenye majina yetu kingali mbali kidogo. Lakini yapo tunayoweza kuyafanya leo. Tunaweza kuwasaidia wazazi, ami na mashangazi zetu kuzisoma hizi sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza kigumu, tukawafasiria kwa lugha yao. Ikiwa Chama cha Kiswahili kina kazi nje ya mashairi na midahalo, basi kazi hiyo ni mojawapo. Mzee aliyevuka bahari miaka arubaini asishindwe kwa sababu ya fomu ya kurasa tatu.

Nanyi walimu wetu, tunaomba siku moja katika muhula mtuletee afisa wa usajili na afisa wa vibali wakae meza moja mbele yetu. Tuwaulize kila mmoja kazi yake, tuandike majibu, tuyapeleke nyumbani. Daftari zipo. Kilichobaki ni sisi kwenda kuandikwa.